Ngozi ya Plamu Haitiwi Sukari

Sikilizeni wanangu, na wewe Khatibu weka hiyo simu chini, nitazame mimi mama yako, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kusema jambo mara mbili. Jana mlinilambisha kipande cha ngozi ya plamu mkidhani mgonjwa hajui ladha. Miguu imekufa, ulimi haujafa! Nimeonja sukari, na chini ya sukari nimeonja ukungu, na tangu jana nimelala na hasira badala ya usingizi.

Bibi Ketevani, Mgeorgia, alinipokea kwenye shamba hili nilipotoka Tanga nikashindwa maisha ya Doornfontein, huko mjini Joburg, mjane, Khatibu mgongoni na Ummi tumboni. Lugha hatukuwa nayo, alinifundisha kwa mikono: plamu chachu zichemshwe, zichujwe, rojo limwagwe juu ya mbao na litandazwe jembamba kama wafanyavyo kwao, kisha jua limalize kazi, likauke libanduke kama ngozi, bila sukari, bila dawa. Na kwa kuwa mvua ya Joburg wakati wa joto huja alasiri na radi zake, wingu likitokea tu, aliye kwenye chakula aache, mbao ziingie ndani. Ukiona vinaelea, vimeundwa.

Wewe Khatibu ukazifunika nailoni, ukaenda mjini kutazama mpira. Zikaota ukungu. Badala ya kumwaga ukakwangua, ukachemsha tena na sukari, ukabandika juu yake picha ya Bibi Ketevani, nembo yetu, ukawapelekea wenye maduka wa Kensington ya hapo Joburg walioniamini tangu hujaota ndevu. Nilipokuuliza ukanijibu, "Eish, Mama, nani atajua?" Nani atajua! Mungu hajui? Mimi sijui? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi leo lia wewe.

Shamba nililinunua kwake kwa jasho langu, hilo ni mirathi, ligawanyeni kama dini inavyosema, sitampunguzia mtu haki yake hata nikiwa na hasira ya kumpasua. Lakini mbao na jina la Bibi Ketevani si mali yangu. Aliniwekea amana, nimkabidhi atakayeziheshimu, na amana hairithiwi. Namkabidhi Ummi. Ndiyo, huyu huyu Ummi anayenijibu Kiingereza nikimsemesha Kiswahili, usinikunjie uso! Mbingu ikinguruma, yeye ndiye hukimbilia nje, hangoji kuitwa.

Khatibu, nenda Kensington, duka kwa duka, uzikusanye ngozi zote urudi nazo, na useme kwa mdomo wako ulichofanya. Kabla ya hapo usiliguse jeneza langu. Ukishamaliza, hata kama nimeshazikwa, njoo kaburini unisalimie, nitakuwa radhi nawe. Nakupenda, mpumbavu wewe, ndiyo maana nimegomba mpaka kifua kinaniuma.

Nipeni maji. Kidogo... basi. Mungu awape mikono safi, awape kusikilizana, awaepushe na riziki ya kuficha. Nizikeni mapema, msingoje watu wa mbali...

Hiyo ni radi? Ummi, mbona umekaa? Mbao ziko nje! Acha kulia, nenda. Khatibu, nenda naye, shika upande wa pili, ubao haubebwi na mtu mmoja. Niachieni mkono, nimesema. Mimi mvua hainidhuru tena... Mbao, wanangu. Mbao kwanza...