Shangazi na Benchi la Nyuma

Nani kati yenu mliokaa hapa na leso mkononi aliwahi kumwuliza Shangazi, uso kwa uso, kwa nini miaka yote ile alikaa benchi la nyuma na kikombe cha Meza ya Bwana kikampita? Msijisumbue kujibu, tunajua mlimwuliza kila mtu isipokuwa yeye, mkauliza sokoni, mkauliza kwenye mazoezi ya kwaya, mkauliza hata watoto wake, na kwa kuwa familia imeamua historia yake isomwe yote, bila kukatwa pale panapouma, mtasikia leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1952, katika chumba cha nyuma cha kibanda cha baba yake, fundi viatu, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee, na mama yake alizoea kusema kwamba mkunga alichelewa na mtoto hakumsubiri, tabia ambayo wenye vyeo wengi walikuja kuijua baadaye. Alianza shule mwaka 1959, akafaulu vizuri masomo yote isipokuwa dini, si kwa kutojua bali kwa kuuliza, kwani siku moja, baada ya kusomewa habari za mwana mpotevu, alinyoosha mkono na kutaka kujua mama wa yule kijana alikuwa wapi siku zote hizo, na mwalimu alipomtoa nje akazitafakari dhambi zake, alitoka, akasimama juani, akarudi, akasema, “Nimetafakari, mwalimu, lakini mama bado simwoni.”

Alisomea ualimu, na mwaka 1973 akaajiriwa katika shule ya sekondari ya wasichana kufundisha ushonaji na mapishi, katika chumba chenye cherehani zilizokuwa zikigoma kwa zamu na dirisha lililotazama vyoo, na humo ndimo alimopewa jina la Bi Pima, kwa sababu hakuna msichana aliyeshika mkasi mbele yake bila kuambiwa, “Pima kwanza, binti, kitambaa hakisikii samahani.” Jumapili alifundisha darasa la kipaimara, na huko nako alipima kwanza.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na karani wa idara ya maji, kijana mpole, mwimbaji wa sauti ya tatu, ambaye baadaye alichaguliwa mzee wa kanisa na mjumbe wa baraza, na Mungu akawajalia wana wawili, ambao wako hapa na wake zao. Shangazi alimpenda mumewe na hakumsitiri, akiwaambia wageni, “Huyu bwana ukimwuliza jina lake, ataomba kwanza kikao kikae.” Mume alicheka pamoja na wageni, kisha akaenda kikaoni.

Mwaka 1988, mmoja wa wasichana wa darasa lake la ushonaji, na pia wa kipaimara, alipata mimba. Vijana wa leo hamuufahamu utaratibu uliokuwepo, msichana alisimamishwa mbele ya kanisa zima na tumbo lake, akaomba radhi, kisha akapelekwa benchi la nyuma, pasipo Meza ya Bwana, na mtoto wake hakubatizwa mpaka baraza liridhike. Msichana yule alisimama akiwa amevaa gauni alilojishonea darasani na kulitanua ubavuni kwa vipande vya kitambaa kingine, na ibada ilipokwisha Shangazi aliwafuata wazee mlangoni akawauliza mwenzake aliyempa mimba atasimama lini. Wakamwambia, “Mwalimu, huo ndio utamaduni wetu.” Akawaambia, “Utamaduni gani huo wenye jicho moja?”

Mwezi Aprili mwaka uliofuata mtoto wa yule msichana alishikwa na homa, akafariki akiwa bado hajabatizwa. Shangazi na wenzake wachache walilileta kanisani lile jeneza dogo, ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba kifuani, wakakuta mlango umefungwa na mvua inanyesha. Mchungaji alikuwa safarini, wazee waliokuwepo walisema ni baraza limeamua, halafu walipobanwa wakasema si kwamba wamekataza, ila ufunguo hauonekani, na mume wa Shangazi, kwa upole wake, akauzunguka uwanja mzima akiutafuta, akainua vyungu vya maua, akapapasa juu ya fremu za madirisha, akawauliza watu mmoja mmoja, mpaka suti yake ikalowa chepechepe. Haukuonekana. Basi Shangazi akaomba mwenyewe pale nje, mwavuli wake ukiwa juu ya jeneza na si juu yake, wakaenda kuzika.

Jumapili iliyofuata alikwenda kukaa benchi la nyuma, karibu na yule msichana, na mchungaji aliporudi na kumwita ofisini alimwambia hana ugomvi na Mungu wala na baraza, ila atarudi Mezani siku mtu mmoja atakapomwambia, “Nilifunga mimi.” Mchungaji akamweleza tena kwamba yalikuwa maamuzi ya baraza. Shangazi akasema, “Baraza halina mkono, mchungaji. Mlango hufungwa na mkono.” Wakamvua darasa la kipaimara.

Msidhani alikuwa malaika, alikuwa na kinyongo, alinung'unika akipika, na kuna mwaka mzima alioimba nyimbo zote kwa makusudi nusu sauti chini ya wengine. Lakini hakuhama. Tulipomwambia atafute kanisa lingine alisema, “Nyumba ni ya Baba, nihame kwa sababu ya wapangaji wenzangu?” Kila Jumapili alitoka nyumbani na mumewe, wameshikana mikono, mpaka mlangoni, hapo yeye akabaki nyuma na mume akaenda mbele kwenye viti vya wazee, na taratibu benchi lile likapata watu, seremala aliyeachana na mkewe, mama aliyeolewa mke wa pili, kijana ambaye watu walikuwa wakimnong'ona, wote wakabanana pale kwa sababu palikuwa na mtu wa kuwasogelea. Baraza lilipoona nyuma kunajaa kuliko mbele, likalitoa benchi likatengenezwe, na halijatengenezwa hadi leo. Shangazi akaja na kigoda cha jikoni.

Yule msichana alimaliza masomo shule nyingine, leo ni fundi mwenye duka lake, amekaa hapa mahali alipochagua mwenyewe, na gauni alilovaa marehemu amelishona yeye.

Shangazi alistaafu mwaka 2012. Katika historia kama hizi husemwa kwamba marehemu hakuchoka kutenda mema, na familia imeniomba niseme ukweli, alichoka. Alichoka kuulizwa kama amewasamehe watu ambao hawajasema wamefanya nini, akachoka na mahubiri ya upendo yanayohubiriwa kwa sauti ya kufoka, na miaka ya mwisho akirudi kutoka ibadani alikuwa akikaa kitandani na viatu vyake, muda mrefu, kabla ya kuvivua.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na tarehe 17 Agosti 2023, saa tano asubuhi, akafariki dunia. Shukrani tunazitanguliza hapa, maana baada ya yanayofuata sidhani kama mtakuwa mnasikiliza. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani waliofua mashuka bila kuombwa, walimu wenzake, na mchungaji wetu wa sasa, aliyeufuta ule utaratibu mwezi wake wa kwanza. Pumzika, Shangazi, umechoka kihalali.

Yamebaki ya Jumanne ile kabla hajafariki, ambayo mume wake, aliyeketi hapa mbele yenu, amesisitiza yasomwe. Mchungaji alifika wodini mchana na mkate na kikombe, na Shangazi akamwambia, “Asante, mwanangu, lakini bado.” Mchungaji akamsihi, “Mama, wale wazee walishakufa wote.” Shangazi akasema, “Hawajaisha.” Mume wake alikuwa kwenye sinki akisuuza bilauri. Akafunga bomba.

“Mke wangu,” akasema, “siku ile kikao kilikaa, kikaonelea...”

“Si kikao, baba.”

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza kichwa, na mzee akaiweka bilauri chini, akasema kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, “Mimi. Nilifunga mimi, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na nikazunguka mvuani nikijifanya ninautafuta.”