Mzee Melkiadi Ntahondi, Mbeba Machela wa Heru Juu (1919–1979)

Marehemu Mzee Melkiadi Ntahondi alizaliwa Heru Juu, Kasulu, mwaka 1919, Wabelgiji wakiwa bado wanaitawala nchi yetu ya Buha.

Alisoma shule ya misheni Kabanga hadi darasa la nne, akabatizwa hapo mwaka 1933. Masomo aliyapenda, ila baba yake alipofariki ilimbidi arudi nyumbani kulima.

Mwaka 1940 aliandikishwa jeshini Tabora, akapangiwa kubeba machela. Alifika Madagaska, kisha Burma. Huko, mwaka 1944, kikosi chao kikirudi nyuma kwenye matope, mwenzake Bwana Khatibu wa Kibondo alivunjwa mguu kwa risasi. Aliyebeba machela pamoja na marehemu alikuwa ameshauawa. Sajenti aliamuru majeruhi aachwe. Marehemu alisimama wima, akasema, "Afande, wewe tangulia. Mimi nitakuja na huyu." Akamtia mgongoni, akatembea naye hadi kambini. Kwa kukaidi amri alivuliwa ukoplo, na hakuwahi kuudai tena.

Alirudi mwaka 1946, akamposa Rosa. Mshenga wake alikuwa Khatibu, Mwislamu mwenye duka, aliyetoka Kibondo akichechemea na fimbo yake. Wakwe walitaka kujua ana undugu gani na kijana huyu.

"Mimi ni mzigo wake," alijibu Khatibu, kisha akasimulia. Ndipo familia ilipoisikia habari ile kwa mara ya kwanza, maana marehemu hakuwa mtu wa kujisifu. Ndoa ilifungwa Kabanga tarehe 14 Juni 1947, wakajaliwa watoto sita.

Alilima kahawa na maharage. Familia ilipohamia kijiji kipya mwaka 1973, mbali na barabara, aliwakusanya wanaume akawafundisha kufunga machela ya miti na blanketi, na kwenda nayo bila kumtikisa mgonjwa. Wapo akina mama hapa leo waliowahishwa hospitali hivyo, wao na watoto wao wakapona. Kundi hilo sasa linaongozwa na mwanawe, Felisiani.

Novemba 1978 mjukuu wake Tharsisi, wa kwa dada yake mkubwa, aliitwa vitani Kagera. Bibi Rosa alilia, akamsihi mumewe amzuie. Marehemu akamwambia kijana, "Nenda, mume mwenzangu. Utaogopa, hata mimi niliogopa kila siku. Ila mwenzako akianguka, usimpite." Akamtania kwamba mke wao atabaki katika mikono salama.

Januari mwaka huu kifua kilianza kumsumbua. Alilazwa Kabanga, akahudumiwa kwa upendo, na asubuhi ya Jumapili, tarehe 11 Machi 1979, akaaga dunia mkono wake ukiwa mkononi mwa Rosa.

Ameacha mjane, watoto sita, wajukuu kumi na tisa, na Mzee Khatibu, ambaye ni ndugu. Tharsisi yuko bado vitani na hana habari za msiba huu. Ndivyo marehemu alivyoagiza: "Msimtie huzuni huko aliko. Mtamwambia atakaporudi." Hakusema "kama atarudi", nasi tumelishika neno lake.

Mzee wetu, umefika. Bwana akupumzishe kwa amani.