Picha Iliyotangulia Kharumwa

Masikio yangu ya miaka sabini na sita husikia hata sisimizi akikohoa. Ni konda tu anayelazimika kuniita mara tatu anapodai nauli.

Nyuma yangu kwenye basi, binti wa sekondari alikuwa akimwambia mama muuza dagaa: “Wamebandika uso wangu kwenye picha ya mlevi, wameisambaza mitandaoni. Baba ni mzee wa kanisa. Akiiona ataniachisha shule.”

“Mwambie mwalimu.”

“Ataniuliza niliionea wapi. Simu shuleni marufuku, mama, nami ninayo.”

Nikazidi kujifanya nimesinzia.

“Tulia, mwanangu. Kwetu Kharumwa hakuna aliyeiona. Hata mimi sijaiona.”

“Kweli?”

“Kabisa! Tena ile kofia nyekundu, nani ataamini ni yako?”

Basi likasimama Kharumwa. Binti hakuinuka.

“Mama, mimi sijataja kofia.”