Prof Anaclet na Sufuria ya Bukari

Tarehe mbili ya mwezi wa saba, Prof Anaclet Mwenze atarudishia Prefe, mukubwa wa shule, funguo ya kalasi ya tano Sayansi, kisha myaka makumi tatu na moja ya kufundisha fizika hapa ku Institut Tuendelee, Ruashi. Balimu benzake baliomba andiko ya kumuaga itoke jikoni, juu jikoni na kalasi yake iko na ukuta moja. Kila kitu alisema mule ndani ilipita ku dirisha mpaka ku mafiga yetu, na saa ya chai alikuwa anagonga ule ukuta, nasi tunamupelekea kikombe. Basi tumeandika. Kama kuna maneno haikunyooka, Prof atainyoosha na kreyo yake nyekundu, amezoea.

Prof alizaliwa kule Kabalo. Baba yake alikuwa fundi wa reli, na familia ilifuata kazi ya reli mpaka Lubumbashi. Alisoma kwa bapadri, akafundisha kidogo Kipushi, kisha akakuja Ruashi wakati masomo yetu, hii shule, ilikuwa ingali na kalasi tatu na paa ya malata yenye kutoboka. Prefe wa wakati ile alimuonyesha chumba ya laboratwari. Ndani mulikuwa meza moja, na kuku ya sentinele, ule mulinzi wa usiku, yenye kulalia mayai pa kona. Prof alitazama kuku, akatazama meza, akasema: "Meza inatosha. Kuku ibaki mpaka imalize kutotoa." Ilimaliza. Bifaranga bitatu bilikulia mu somo ya umeme.

Kila mwaka, mvua ikikaribia kuisha, kalasi ya tano inafika ku somo ya projektili, maana yake ile njia kitu inafuata kisha kutupwa. Sisi jikoni tunajua pasipo kuambiwa. Prof anasimamisha batoto babili juu ya benchi, kila mumoja na jiwe. Mumoja anaachilia yake ianguke tu. Mwenzake, palepale, anasukuma yake mbele, sawasawa, pasipo kuiinua. Bengine bote banafumba macho. "Musitazame," Prof anasemaka. "Sikilizeni." Mawe mbili inagonga chini pamoja, to, sauti moja. Hakukosekana hata mwaka moja mutoto wa kufungua macho na kusema: "Prof, umetudanganya, rudia." Anarudia. To. Hapo njo anabaelezea kama kitu yenye kutupwa iko na safari mbili mu mwili mumoja, moja ya kwenda mbele, moja ya kuanguka, na moja haizuie ingine. Jikoni tulielewa hii na masikio, kijiko mu mukono, mbele ya kuielewa na kichwa.

Hakuna mutoto mwenye alipigwa na Prof Anaclet. Lakini benye kulala mu kalasi banajua chaki yake. Inatoka ku tablo, ule ubao wa kalasi, inapanda pole, inashuka, inatua juu ya meza mbele ya pua ya mwenye kulala, na Prof anaendelea kuandika. Batoto balijaribu kumuiga. Chaki yabo ilipita ku dirisha, ikaingia mu sufuria ya sombe yetu, majani ya mihogo.

Na nani hapa Ruashi hajue hadisi ya malata ya Papa Chishimba? Papa Chishimba ni jirani ya masomo, na baba wa banafunzi betu pia. Iko na muti ya avoka, maparachichi yenye batoto banatupia mawe, na mawe ile ilikuwa inaanguka juu ya nyumba yake. Siku moja alikuja mukali, jiwe mu mukono, akauliza nani atarudishia bibi yake usingizi. Prof alipokea jiwe na heshima, akaita kalasi yote, bakaenda kumusalimia mu lupango, ndani ya ua yake. Balitazama alama ku malata, balitazama muti, balipima urefu wa nyumba, bakaandika hesabu mu mavumbi na kijiti. Kisha bote balinyoosha kidole ku nafasi moja, nyuma ya choo ya masomo. Balienda kutazama. Bakakuta mawe yenye kupangwa muzuri kama nyanya za soko, na koti ya mutoto yenye kusahauliwa pembeni.

Papa Chishimba alitikisa kichwa. "Prof, kazi ni muzuri. Lakini ungebaambia tu baache."

"Nimebaambia myaka mingi, Papa. Sasa banajua kama hesabu inabaona."

Hayo ni ya kuchekesha. Lakini kama leo kungali seksioni ya Sayansi hapa Tuendelee, ni juu ya mukutano moja wa bazazi, na hii tuieleze muzuri, juu benye bangali badogo habaijue.

Mwaka ile egzame ya Leta, mutihani wa serikali, ilitutendea mubaya. Mu Sayansi balipita bachache sana. Bazazi balianza kuondosha batoto babo, na Prefe Dominique akabaita baamue: seksioni ibaki, ao ifungwe na chumba yake ipewe seksioni ya kushona. Kushona si kazi mubaya, mama mwenye kuandika hapa amevaa nguo za bashonaji ba hapa. Lakini mutoto wangu Lydie alikuwa mu kalasi ya tano Sayansi, na seksioni ingine ya Sayansi ilikuwa kule katikati ya muji. Kwenda na kurudi kila siku, nyumba yetu haingeweza. Baba yake alishatengeneza mashini ya kushona ya shangazi, akaiweka karibu na dirisha, akasema hata nuru iko. Lydie hakulia. Aliacha kula bukari, ule ugali wetu wa kila siku, na kwetu ile ni mubaya kupita kulia.

Prof hakuomba kusema. "Bazazi bamechoka na hotuba," aliambia Prefe. "Baone batoto mu kazi." Aliomba tu meza yake na tablo bitoke inje, ku kiwanja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ku meza kunafungwa tiyo, bomba yenye kupasuliwa mbili, yenye kuinama. Kampira ka chuma, kenye kutoka mu rulema, ile beringi ya gurudumu ya kamyo, kanateremuka mu tiyo, kanatoka ku mwisho wa meza, kanaruka. Mbele ya kukaachilia kule juu ya tiyo, batoto banapaswa kuhesabu nafasi penye kataanguka, na kuweka kitu pale ya kukapokea. Mu kalasi siku zote balitumia sahani yenye muchanga. Lakini siku ile Lydie na benzake balisema bazazi ba nyuma habataona sahani wala kusikia muchanga. Balikuja jikoni, bakabeba sufuria yetu kubwa ya bukari, ile yenye kulisha masomo muzima. Mudomo wake ni mupana, balisema, hata kipofu hataikosa. Bakaiweka palepale sahani ilikuwa inakaa.

Prof aliona sufuria. Akaiacha pale. Ile ni desturi yake ya siku zote: hasahihishe hesabu ya mutoto mbele kampira kaanguke. Anasemaka kampira njo mwalimu, yeye ni mubeba chaki.

Lydie aliachilia. Kampira kalishuka muzuri, kakaruka muzuri, na kakagonga tumbo ya sufuria kwa inje. Ngwee. Kakabingirika mpaka ku viatu vya Papa Chishimba.

Bazazi balicheka. Papa Chishimba aliokota kampira, akasema: "Hata bukari inabakatala." Mama moja nyuma akauliza kama bashonaji banaweza kuingia mu chumba kesho, ao bangoje siku ya Jumatatu. Prefe Dominique aliinamia Prof: "Tufunge?"

"Utupe muda wa kunywa kikombe ya chai, Prefe. Haipite pale."

Kisha Prof akafanya kitu chenye hatutasahau. Hakuenda ku tablo. Alikuja kukaa pa benchi, katikati ya bazazi, akaweka mikono ku magoti kama baba mwenye kungojea zamu ku hospitali. Kutoka pale aliuliza:

"Lydie, mulipima kutoka meza mpaka wapi?"

"Mpaka chini, Prof."

"Na kampira kalikuwa kanaenda chini?"

Batoto bengine balirudia kutazama tablo, banatafuta kosa mu hesabu. Lydie alitazama sufuria. Akaenda, akaweka kiganja juu ya mudomo wa ile sufuria, akatazama meza. Kisha akageukia benzake: "Hapa njo kanaingia. Hapa juu. Tulikahesabia safari ya kufika chini, na sufuria inakakata njiani."

"Basi kanaanguka kidogo," alisema Mwelwa, mwanafunzi mwenye alikuwa na metre ya kupimia.

"Na kama kanaanguka kidogo, hakana wakati wa kuenda mbali," alisema Lydie.

Balipima upya, kutoka meza mpaka ku mudomo wa sufuria. Balifuta tablo, bakaandika, bakabishana, bakafuta tena. Bazazi balianza kutazama jua. Kisha babili balishika sufuria na kuivuta karibu ya meza. Bakaivuta tena. Bakaivuta mpaka ikawa karibu sana, hata haya ilitushika. Kila muntu pale aliona kama kampira kataipita juu kwa mbali. Mimi sikuweza. Nilisimama niende kuisukuma kidogo, kidogo tu, nisaidie mutoto.

Prof hakuinuka. Alisema pole, kama mwenye kuomba chumvi:

"Mama Lydie, usiguse. Balishapima."

Nilirudi kukaa, mikono chini ya kikwembe, ile kitenge yangu. Lydie akaachilia. Nilifumba macho kama batoto ba kalasi ya tano, na nikasikia. Kila mama anajua tofauti ya sufuria yenye kugongwa kwa inje na sufuria yenye kupokea kitu. Hii ilipokea. Kampira kalizunguka mule ndani, kakazunguka, kakatulia.

Papa Chishimba alisema neno lile la kila mwaka: "Rudia." Balirudia, kakaingia. Akaomba akaachilie na mukono wake mwenyewe, juu pengine batoto biko na ujanja mu vidole. Kakaingia. Wakati Prefe aliuliza bazazi banasema nini, yeye njo alinyoosha mukono wa kwanza: "Malata yangu ilishatoboka juu ya hii seksioni. Ikifungwa, ilitoboka bure. Ibaki."

Ilibaki. Usiku ule Lydie alikula bukari mpaka kukwangula sufuria, na shangazi alirudishiwa mashini yake.

Tangu mwaka ile, Prof hakurudia tena ku sahani. Alisema sahani haina swali. Kila mwaka batoto bapya banakuja kubeba sufuria yetu, kila mwaka kampira kanaigonga tumbo mara ya kwanza, na kila mwaka Prof anakaa pa benchi na kuuliza balipima mpaka wapi. Tumbo ya sufuria imekuwa kama barabara ya Ruashi kisha mvua. Hatujaibadilisha. Benye kuihesabia biko leo ku mitambo ya mugodi, ku hospitali, ku bifaa bya bajenzi, na mumoja anatengeneza friji hapa karibu na soko na anakataa kutengeneza yetu mbele tumupe munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi.

Tuseme na makosa yake, kusudi asivimbe kichwa. Pointi za batoto anazitoa kila mara nyuma ya balimu bengine bote. Koti yake ikipigwa, chaki inayotoka inatosha kalasi mbili. Na Mama Agnès, bibi yake, anatuambia kama hawezi kumwaga maji ya kuosha vyombo pa lupango pasipo Prof kutazama yanaangukia wapi. Mama Agnès, utakuwa naye siku muzima sasa. Tunakuombea nguvu.

Kalasi ya tano haitabaki yatima. Lydie, mwenye alimaliza fizika ku iniversite na kufundisha Kipushi, atapokea ile funguo kwa Prefe. Mutoto haogope. Mimi njo naogopa, kwa bote babili: huyu mwenye kuingia, na huyu mwenye kutoka, juu sijue kama kuna mukono ingine itagonga ukuta wetu saa ya chai. Siku ya sherehe, kisha maneno ya Prefe, Lydie atasimama ku meza na batoto bake, na Prof atakaa pa benchi kama muzazi. Juzi batoto balichora na chaki alama ya nafasi ya sufuria. Nilipita pale. Iko karibu sana na meza, macho yangu inakataa. Nilisimama kidogo. Kisha nikaenda zangu kupika.

Prof Anaclet, jikoni na balimu bote tunakushukuru. Enda muzuri wewe na Mama Agnès, mulime maboga yenu, mulale mpaka jua ipande, miguu isikuume, batukuu bakutembelee na mawe mu mifuko. Kalasi uiache pasipo wasiwasi. Usiisukume hata kidogo. Balishapima.

Mama Lydie, wa jikoni