Gumboro Kabadilisha Gamba

Kijiwe cha kahawa cha Vitalis, pembezoni mwa soko la Kariakoo, kina benchi moja, birika moja na wataalamu wa kila kitu. Alasiri hiyo Zahoro alifika anatabasamu, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu kuku sabini kati ya kuku wake wa nyama walipokufa kwa ugonjwa wa Gumboro uani kwake Ilala, na wote walikuwa wamechanjwa. Wiki tatu nzima alikuwa akitangaza hapo benchini kwamba Praful, mwenye duka la dawa za mifugo ng'ambo ya barabara, kamuuzia chanjo mbovu. Praful, mwenzake wa kahawa kwa miaka kumi na minane, akaacha kuvuka barabara. Sasa Zahoro alikuwa na majibu ya maabara mkononi.

— Chanjo ilikuwa nzima. Kirusi ndiye kabadilika. Kinga ya kuku inamtambua kwa gamba lake la nje, na gamba lenyewe si lile tena.

— Kalitoa wapi jipya? Hashimu, mmoja wa wataalamu wa benchi, akauliza. — Mchikichini, kwenye mitumba?

— Anajinakili harakaharaka, anakosea. Kosa likimfaa, linabaki.

Kasmir, fundi cherehani, hapo akagoma kabisa.

— Mimi nikikosea kola, mteja ananikunja shati. Yeye akikosea ndio anapona?

Hashimu akaona mwanga. Kirusi hakosei, alisema, anasoma karatasi ya chanjo kwanza, ndipo anashona. Kasmir akaongeza kwamba kama anasoma, basi yupo anayempelekea hiyo karatasi, na huenda amekaa hapahapa kijiweni. Wote wakamgeukia Vitalis na birika lake. Zahoro alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Moyo ulikuwa mwepesi: hakuna aliyemdhulumu, na vifaranga wajao watapata chanjo inayolijua gamba jipya.

Ndipo akatokea Fortunata, afisa mifugo aliyechukua sampuli. Aliwaamkia shikamooni, wakaitikia, akapewa kikombe.

— Na yule muuza chanjo, mmeshamwambia?

Hashimu akatazama birika. Kasmir akakumbuka ana suruali ya mtu dukani.

Zahoro aliona haya, haya ya kweli. Halafu akapumua: dawa yake ilikuwa kuvuka barabara tu. Alichukua kikombe kilichojaa na kashata moja, akavuka. Vitalis, ambaye hajawahi kuruhusu kikombe chake kitoke kijiweni, akajifanya anapuliza mkaa.

Praful alikuwa anapanga makopo. Aligeuka, akamwona, akauliza kabla ya salamu:

— Waliobaki wamepona?

— Wamepona. Chanjo yako haikuwa na tatizo, ndugu yangu. Nimekukosea, nisamehe.

Praful alipokea kikombe, akaonja, akakunja uso.

— Hii imeshapoa, alisema, huku akichukua ufunguo wa duka. — Twende kwenye ya moto.