Tulikuwa Tukimngoja, Naye Akitungoja

Risala ya Kikundi cha Akina Mama cha Riwo Lwedo, Kosele, kwa Mkurugenzi wa Mpango wa Viongozi Chipukizi wa Kanda ya Ziwa. Jumatano, tarehe 18 Septemba 1996.

Mgeni rasmi, Bwana Simeon Machuki, maafisa mliofuatana naye kutoka Kisumu, Chifu wetu, watumishi wa Mungu wa makanisa yote, akina mama na akina baba mliofika:

UKARIBISHO

Sisi wanachama thelathini na mmoja wa Riwo Lwedo, jina ambalo maana yake ni kuunganisha mikono, tunafurahi kukuona. Furaha hiyo tulianza nayo tarehe nne, siku uliyotuandikia kwamba utafika. Tukaendelea nayo tarehe kumi na moja, siku ya pili uliyotuahidi. Leo bado tunayo, ingawa imechakaa kidogo kwa kutumika. Karibu sana Kosele.

Ukiona mikono yetu ina udongo, na ukisikia harufu ya wali ulioungua, tafadhali usiulize kwa sasa. Sababu ipo. Itasomwa katika ukurasa wa mwisho, ambao umeandikwa kwa mkono asubuhi hii na haumo katika nakala uliyopewa.

Mgeni rasmi, risala nyingi huanza kwa kusema kwamba kikundi kiko imara. Sisi tunaanza kwa kusema kwamba tumechanganyikiwa. Tumechanganyikiwa tangu Februari, na tulikubaliana katika kikao kwamba ni afadhali uambiwe hivyo kuliko kuimbiwa wimbo.

HISTORIA

Kikundi chetu kilianza mwaka 1989. Sisi ni wakulima wa hapa hapa, pamoja na wenzetu wa kutoka Kisii wanaouza vitunguu na nguo katika soko la Kosele. Tuna shamba la ekari nne tulilopewa na marehemu Mzee Elkanah tulitumie, na tuna ng'ombe wawili wa kulimia tuliowaleta kwa miguu kutoka mnada wa Ogwedhi, safari ambayo wengine wetu bado wanaisikia kwenye magoti. Mwenyekiti wetu tangu mwanzo alikuwa Mama Benta Omolo.

Hapa inafaa tukueleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa mengine. Huku kwetu boma halipandi ovyo. Mama mkubwa wa boma ndiye anayetoa mbegu kwanza. Tunaita golo kodhi. Akishapanda yeye, ndipo wake wenzake na wakaza wana wafuate. Anayemtangulia mkubwa wake anajitafutia chira, yaani mikosi na kukonda kusikokuwa na dawa hospitalini. Wenzetu Wasabato wanasema hawaamini mambo hayo. Sisi Wakatoliki nasi tunasema hivyo hivyo, hasa padri akiwa karibu. Lakini tangu 1989, katika shamba la kikundi, hatujamwona Msabato wala Mkatoliki aliyetia mbegu ardhini kabla ya Mama Benta.

Mwezi wa Januari tukapokea barua yako. Ilisema: "Tunawaletea kiongozi chipukizi atakayekaa nanyi mwaka mmoja katika kukuza uchumi wa jamii." Tuliisoma mara tatu. Hatukuwa tumeomba kiongozi, tulikuwa tumeomba jembe la ng'ombe. Lakini mtu akikuletea kiongozi huwezi kumwambia tunaye tayari, itakuwa ni utovu wa adabu. Mama Benta mwenyewe alisimama akasema, "Kama serikali ama hao watu wa Kisumu wameleta mkubwa, mimi nitakaa kwa mkeka." Akaondoka kwenye kiti chake cha mikono, akakifunika kitambaa.

Tarehe tano Februari akafika Binti Emmah Nyakerario wa kutoka Kisii, miaka ishirini na minne, na begi moja na madaftari matatu. Tulimkalisha pale pale.

MAFANIKIO

Mpango umetuletea mafanikio yafuatayo, ingawa kwa mengine hatuna hakika kama ni mafanikio.

Binti Emmah amejifunza Dholuo kiasi cha kugombana na wauza samaki na kushinda. Vikao vyetu sasa vinaanza saa iliyopangwa, kwa sababu yeye hufika mapema, na haya ya kumwacha peke yake imetufundisha sote kuwahi. Watoto wa nyumba alizolala wamepata kuku wengi kuliko miaka yote, maana kila boma lilipompokea lilichinja. Katika miezi miwili ya kwanza alipewa kila kitu isipokuwa jembe. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tulimpa paja la kuku, na siku ya arobaini bado tulikuwa tunatafuta jogoo.

Vilevile ametuandika. Madaftari yote matatu yamejaa. Alimuuliza kila mmoja wetu anataka nini, akaandika, wala hakucheka hata alipojibiwa na Mama Nyangau kwamba anataka mume wake aache kukohoa.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa ndipo pagumu.

Mvua ya Machi ilinyesha vizuri. Shamba lilikuwa limelimwa, mbegu ya mahindi ilikuwa ndani ya magunia. Kila asubuhi tulifika shambani na majembe, tukasimama. Binti Emmah naye alifika na daftari, akasimama. Alikuwa akiuliza, "Mama Benta, mnaonaje, hii shamba itapandwa lini?" Mama Benta akijibu, "Sisi tuko tayari." Binti Emmah akaandika kwamba jamii iko tayari. Tukaaga, tukaenda kupanda mashamba ya nyumbani kwetu, ambako wakubwa walikuwa wameshaanza.

Hatukumwambia kwamba tunamngoja yeye atangulie. Mkubwa hasukumwi. Tulidhani ana sababu zake, pengine elimu mpya kuhusu mvua. Wenzetu wa Kisii walidhani sisi Wajaluo tutamweleza, kwa kuwa desturi ni yetu. Sisi tulidhani wao watamweleza, kwa kuwa binti ni wao. Siku zikapita kumi, zikapita ishirini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yetu yaliuma kweli tulipoona magugu yamefika magotini mahali pa mahindi.

Jambo lilifunguka mwezi wa Mei sokoni. Mweka hazina wetu, Mama Bathsheba Kerosi, alikuwa akimpimia Binti Emmah vitunguu, akashindwa kujizuia.

"Nyar Kisii, binti wa kwetu, kwani uliogopa nini kupanda?"

"Kupanda? Mimi nilikuwa nawangojea nyinyi. Kule Migori, kwa mafunzo, tuliambiwa tusianze kitu. Watu waanze wenyewe, sisi tufuate."

"Na sisi tulikuwa tunangoja wewe ndio uanze. Si wewe ndio mkubwa?"

Mama Bathsheba anasema waliangaliana mpaka mnunuzi mwingine akaondoka. Kisha Binti Emmah akaketi juu ya gunia la vitunguu akalia, na Mama Bathsheba akaona aibu kubwa, akalia naye.

Msimu mzima ulipotea hivyo, Mgeni rasmi. Hakuna aliyeiba wala aliyekuwa mvivu. Kila mtu alikuwa na adabu.

Binti Emmah aliandika yote hayo katika ripoti yake kwako bila kuficha neno, nasi tulimsihi afiche kidogo. Majibu yako tumeyaona. Yanasema kwamba kazi yake hapa inafungwa leo, kwamba hatapewa cheti, na kwamba ataondoka nawe kwa gari lako. Kule Lambwe, tunasikia, yule kijana Oliver mliyempeleka alifika na gambuti zake akapanda siku ya pili bila kumuuliza mtu. Wazee walikasirika mwezi mzima, lakini sasa wanakula mahindi. Kwa hiyo Oliver atapewa cheti. Tumelijadili jambo hili na halituingii akilini. Oliver hakusikiliza mlichomfundisha, na Emmah alisikiliza.

Changamoto nyingine ni kiti. Tulimwomba Mama Benta arudi kitini, akakataa. Alisema, "Kiti nimetoa kwa mkono yangu. Siwezi kujirudishia kama mtu anaiba." Binti Emmah naye tangu Mei anakaa kwenye mkeka na sisi. Kwa miezi minne tumefanya vikao mbele ya kiti kitupu, na kila anayesema anakiangalia.

Ya mwisho ni hii. Mvua ya vuli ilianza tarehe sita mwezi huu. Shamba limelimwa tena. Lakini wewe ulikuwa umesema unakuja, na mbele yako hakuna mkubwa hapa. Basi tukakungoja. Tumekungoja siku kumi na mbili, huku tukijua kabisa tunachofanya, na hatukujua namna ya kuacha.

MAOMBI

Kwa hayo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, kosa la Machi liandikwe kwetu, lisiandikwe kwa Binti Emmah.

Pili, akae nasi mpaka mavuno, hata bila posho ya Mpango. Nyumba za kulala zipo thelathini na moja.

Tatu, uteremke jukwaani kabla ya chakula, uchukue mahindi kutoka ungo ulio mezani mbele yako chini ya kitambaa cheupe, upande shimo la kwanza ili nasi tufuate.

UKURASA ULIOANDIKWA KWA MKONO

Mgeni rasmi, ombi la tatu tumelifuta. Ukifunua kitambaa utaona ungo hauna kitu.

Leo saa kumi na mbili na nusu tulifika hapa kupamba jukwaa na kupika. Binti Emmah hakuwepo. Tulidhani anafunga begi lake. Mama mmoja aliyekwenda kuchota maji akarudi mbio akasema tuje tuone. Tukasimama kwenye ua wa shamba. Binti Emmah alikuwa ndani, miguu mitupu, na kamba ya kupandia na jembe la kuazima. Alikuwa amemaliza mstari mmoja na yuko katikati ya wa pili.

Kisha mtu mmoja, hatutamtaja, akanong'ona: chira. Binti Emmah alisikia. Hakuinua kichwa. Alisema hivi, na katibu anayekusomea aliandika papo hapo ili tusije tukaongeza wala kupunguza:

"Mimi naenda leo. Kama ni makosa, iwe yangu. Nitaenda nayo."

Mgeni rasmi, sisi ni watu wazima. Wengine wetu ni bibi za watu. Tulisimama pale tumeshika masufuria, na mtoto wa wenyewe anatupandia shamba letu ili mkosi wetu aubebe yeye, apande nao gari mpaka kwa mama yake. Tuliona aibu ambayo hatujapata kuiona. Tunasema wazi, kwa sababu tuliisikia wote.

Mama Benta aliweka chini birika la chai. Akaingia shambani. Akatazama mstari wa pili kutoka mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Nyathina, mwanangu, hii laini yako imepinda." Kisha akachukua mbegu kwenye kiganja cha Emmah akaanza wa tatu.

Tukaingia sote. Wasabato, Wakatoliki, wa Kisii, wa Kosele. Aliyekuwa anaangalia wali aliingia pia, na ndiyo maana ya ile harufu. Ulipowasili saa nne tulikuwa tumebakiza kipande kidogo upande wa mto. Hatukukungoja. Tunakuomba radhi kwa hilo, ila si sana.

Tulikaa kidogo chini ya ua kujadili kama jambo hili liandikwe katika mafanikio au katika changamoto, maana taratibu zote zimevunjwa na mdogo kuliko wote ndiye aliyetangulia. Hatukuafikiana. Ndiyo maana lina ukurasa wake.

Lakini ombi la kwanza na la pili sasa yana uzito zaidi. Kama lile ni kosa, limegawanywa kwa watu thelathini na wawili, na fungu la mmoja haliwezi kuondoka na gari wakati mafungu mengine yamebaki Kosele. Aliyeanza mstari hukaa apalilie. Begi lake tumelitoa kwenye gari lako. Dereva alikubali.

Kiti ulichokalia ndicho kile. Ukisimama kutujibu, tunakuomba usikirudie. Tumekuwekea kingine pembeni, kizuri tu. Wewe ndiwe uliyeleta mtu kitini, kwa hiyo wewe ukikiacha wazi mbele ya watu, Mama Benta anasema ataweza kukikalia bila kuona kama ameiba.

Imebaki fomu yako. Ulitutumia maswali kumi tuyajaze juu ya Binti Emmah, nasi tulirudisha swali la saba likiwa tupu. Lilikuwa linauliza: "Kiongozi chipukizi ameanzisha jambo gani katika jamii?" Tuliliangalia wiki tatu. Tunaomba kalamu, tulijaze sasa.

Ameanzisha mistari miwili ya mahindi, mmoja umepinda. Iliyobaki tulimfuata.

Mungu akurudishe Kisumu salama, akufungulie njia, na matope yawe ya kutosha kukuonyesha kwamba mvua ya Kosele bado ipo. Atubarikie mbegu, akitubarikia asimruke aliyetangulia.

Ni sisi, wenye mikono ya udongo,
Kikundi cha Akina Mama cha Riwo Lwedo, Kosele.

Imesomwa na Marcella Awino, katibu, kwa niaba ya wanachama thelathini na wawili.