Usingizi wa Wajane

Gari la abiria aina ya Noah lilipotoka Karatu kuelekea Rhotia, Penina alishika rozari yake akasali kimya, ila masikio aliyaacha kwa abiria wawili wa mbele. Hanifa, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akimlalamikia mzee Remigius kuhusu utafiti wake. "Babu, kila mjane niliyemuuliza kama analala vizuri anasema anamshukuru Mungu. Nikipeleka majibu hayo, zahanati yao haitaletewa mshauri nasaha."

"Uliwauliza mbele ya nani?"

"Mbele ya wakwe zao. Ndio walionikaribisha chai."

Mzee akacheka. "Mjukuu wangu, mjane akisema pale kwamba halali, kesho shemeji anabisha hodi akitaka kumrithi. Hapo walikujibu salamu tu."

"Mimi sikusalimia, babu. Niliuliza swali."

Penina, ambaye tangu amzike mumewe jogoo wa kwanza humkuta macho, alisogeza punje moja ya rozari.

Gari liliposimama Rhotia, Hanifa aliziona nguo nyeusi za Penina. "Mama, na wewe unalala vizuri?"

Konda, mtoto wa shemeji yake Penina, alikuwa ameshika mlango akimsubiri.

"Namshukuru Mungu, mwanangu," alisema Penina, akateremka.